Kuendesha Mradi wa Vifaa Vilivyounganishwa kwa Gharama Nafuu: Mwongozo kwa Wafanyabiashara wa Bidhaa za Baridi

Kifaa kilichounganishwa ni kile kinachopima jambo fulani, kama vile joto, mwendo au kiasi cha mafuta ndani ya tangi, na kupeleka kipimo hicho kwenye mtandao bila mtu kushika kalamu. Kwetu Tanzania vifaa hivi si vigeni tena: mabasi ya mikoani hufuatiliwa mwendo na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, kwa vifaa vya aina hiyo, na nchini Kenya kampuni ya M-KOPA ilianza mwaka 2012 kuuza umeme wa jua kwa malipo ya kidogo kidogo, kwa kuweka laini ya simu ndani ya mtambo wenyewe. Biashara za kati nazo zimeanza kuvitafuta, na bei ya kununulia imeshuka kiasi kwamba si kikwazo kikubwa. Fedha hupotea baada ya kununua. Mei 2017 kampuni ya Cisco ilitoa matokeo ya utafiti uliohusisha watoa maamuzi 1,845 wa Marekani, Uingereza na India, yakionyesha kwamba asilimia 60 ya miradi ya namna hii ilikwama katika hatua ya majaribio, na kwamba ni asilimia 26 tu ya kampuni zilizokuwa na mradi zilizoweza kuuita wa mafanikio kamili. Nyingi ya hizo ni kampuni zenye wahandisi wa kutosha na umeme usiokatika ovyo.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: msambazaji wa samaki walioganda mwenye friza 40 zilizowekwa katika maduka ya Dar es Salaam, Pwani na Morogoro, anayetaka kujua mapema friza inapopoteza baridi. Msambazaji huyo ni wa kufikirika, na bei za shilingi nitakazotaja ni za kukokotolea tu, si za soko. Weka za kwako mahali pake. Matatizo, hata hivyo, ni yale yale ninayokutana nayo kazini.

Hatua ya kwanza: Andika uamuzi ambao kifaa kitaubadilisha

Kabla ya kumwomba mtu yeyote makadirio ya bei, andika sentensi moja inayotaja ni uamuzi gani utachukuliwa kwa sababu ya kipimo, nani atauchukua, na ndani ya muda gani. Kwa msambazaji wetu sentensi hiyo inaweza kuwa hivi: "Joto la friza likizidi -12°C kwa dakika 45 mfululizo, msimamizi wa duka atahamisha samaki au ataita fundi ndani ya saa mbili." Sentensi kama "tunataka kuona hali ya friza zetu zote wakati wote" haitoshi, kwa kuwa haimtaji mtu wala tendo, na mradi uliojengwa juu yake utaendelea kuongezewa vihisi, yaani sehemu zinazopima, bila mtu kujua ni kipi kilichohitajika. M-KOPA ilifaulu kuibeba gharama ya laini ndani ya kila mtambo kwa sababu ujumbe wa laini hiyo una tendo moja lililo wazi: aliyelipa anawashiwa taa, na asiyelipa anasubiri.

Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo kwa muda wa wiki moja, ahirisha mradi. Utakuwa umeokoa fedha nyingi kuliko utakazookoa katika hatua nyingine yoyote iliyomo humu.

Hatua ya pili: Hesabu hasara unayoipata sasa

Chukua daftari la miezi 12 iliyopita na uorodheshe kila tukio la samaki kuharibika: tarehe, duka, kilo, na chanzo kama kinajulikana. Ikiwa friza moja hubeba kilo 120 na kilo moja ni shilingi 9,000, mzigo wa friza moja ni shilingi 1,080,000. Kisha tenganisha vyanzo, kwa sababu si kila chanzo hutibiwa na kihisi. Umeme ukikatika kwa muda wa saa tano na friza ikabaki imefungwa, kwa kawaida hakuna kinachoharibika. Idara ya Kilimo ya Marekani inaeleza kwamba friza iliyojaa na isiyofunguliwa hutunza baridi kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Hasara kubwa mara nyingi hutokana na kompresa kufa Jumamosi usiku, gasi kuvuja polepole kwa wiki nzima, mpira wa mlango kuchanika, au mtu kuchomoa plagi akasahau kuirudisha. Haya ndiyo ambayo taarifa ya mapema huyaokoa.

Ukikuta hasara ilikuwa mizigo miwili tu kwa mwaka mzima, usifunge vifaa 40. Nunua vipimajoto vya kawaida, weka karatasi ya kujaza asubuhi na jioni juu ya kila friza, na vifaa vilivyounganishwa uvipeleke kwenye yale maduka matatu au manne yenye historia mbaya. Hilo nalo ni jawabu halali la mradi, na mshauri anayekuficha jawabu hilo hafai kulipwa.

Hatua ya tatu: Pigia hesabu ya miaka mitano kwa kila kifaa

Bei ya kifaa kwenye ankara ndiyo inayovuta macho, lakini ndiyo isiyo na uzito mkubwa. Tuchukue kifaa cha shilingi 150,000, ufungaji 40,000, data shilingi 2,000 kwa mwezi, sehemu yake ya gharama ya seva (kompyuta inayopokea vipimo) shilingi 1,500 kwa mwezi, betri moja ya kubadilisha 30,000, na ziara mbili za fundi kila mwaka kwa shilingi 60,000 kila moja, ikiwa ni nauli, posho na nusu siku ya kazi. Kwa miaka mitano data ni 120,000, seva ni 90,000, na ziara ni 600,000. Jumla ni shilingi 1,030,000. Kifaa chenyewe ni chini ya asilimia 15 ya fedha hizo. Ziara za fundi ni zaidi ya nusu.

Sasa linganisha na kifaa bora zaidi cha shilingi 220,000, ambacho kinajiwasha upya chenyewe kikikwama na kinapokea marekebisho ya programu kwa mbali, hivyo kinahitaji ziara moja tu kwa mwaka. Umeongeza 70,000 mwanzoni na kupunguza 300,000 za ziara. Jumla imeshuka hadi 800,000. Kwa friza 40 hiyo ni tofauti ya shilingi milioni 9.2 katika miaka mitano, iliyotokana na kununua kitu cha bei ya juu. Ninasikitika kila ninapoona zabuni inayompa ushindi mwenye bei ndogo ya kifaa bila hata kumuuliza fundi atakwenda mara ngapi.

Hesabu hiyo ya pili ni milioni 32 kwa miaka mitano, yaani milioni 6.4 kwa mwaka, ambazo ni sawa na mizigo sita ya friza. Kwa kuwa hakuna mfumo unaookoa kila mzigo, chukulia kwamba utaokoa theluthi mbili. Basi mradi unalipa pale tu ambapo ulikuwa ukipoteza mizigo tisa au zaidi kwa mwaka. Rudi kwenye daftari la hatua ya pili uone uko upande gani wa namba hiyo.

Hatua ya nne: Ziondoe ziara za fundi tangu kwenye usanifu

Hapa ndipo penye akiba kubwa, na ndipo panapohitaji mtu aliyekwisha kusimama ndani ya duka lenyewe, si aliyeona picha yake tu.

Anza na soketi. Katika mradi mmoja nilioushiriki tulipoteza wiki kadhaa tukitafuta kasoro katika mtandao wa simu, kumbe vifaa vilikuwa vikichomolewa jioni kwa sababu wauzaji walihitaji mahali pa kuchajia simu zao. Hawakuwa na kosa. Sisi ndio tuliochukua soketi pekee iliyokuwa karibu na kaunta. Tangu hapo ninashauri mambo mawili: fundi umeme akiunge kifaa moja kwa moja kwenye waya unaolisha friza, kwa kinga yake yenyewe, au kiwekwe kifaa chenye tundu la kuchajia simu, ili muuzaji awe na sababu ya kukiacha kikiwa kimewaka.

Kisha betri. Kifaa kinachozimika pamoja na friza hakina habari ya kukupa wakati ule unaoihitaji, kwa hiyo lazima kiwe na betri ya ndani ya kukifikisha angalau saa 24 baada ya umeme kukatika. Betri hiyo pamoja na bodi ya saketi vikae nje ya friza. Ndani uingie waya wenye kihisi peke yake. Betri nyingi za lithiamu hupungukiwa nguvu katika -18°C, na hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya sifuri. Aidha, kuta za chuma huzuia mawimbi ya redio, na unyevu unaogandamana juu ya bodi kila mlango unapofunguliwa huila taratibu. Kwa maduka ya karibu na bahari ongeza hewa ya chumvi: dai kasha lililofungwa kwa mpira na viunganishi vilivyopakwa kinga, la sivyo kutu ya kijani itaanza kuonekana kwenye shaba kabla ya mwaka kuisha.

Kihisi chenyewe si lazima kiwe cha gharama. Kihisi cha DS18B20, kinachopatikana kwa urahisi katika umbo la waya usiopitisha maji, hupima kati ya -55°C na 125°C, na usahihi wake wa nusu nyuzi umehakikishwa kati ya -10°C na 85°C. Chini ya -10°C huongezeka kosa kidogo, jambo lisilo na madhara kwa samaki. Kitumbukize kihisi ndani ya chupa ndogo yenye mchanganyiko wa sehemu mbili za gliserini na sehemu moja ya maji, ambao haugandi katika baridi ya friza. Kikiwa humo kitafuata joto la samaki badala ya kushtuka kwa kila hewa inayoingia mlango unapofunguliwa, na kengele za bure zitapungua sana.

Kila kihisi kikaguliwe kabla ya kufungwa na kila baada ya miezi sita, kwa barafu iliyopondwa ikachanganywa na maji safi kidogo. Kihisi kizuri kitasoma sifuri au karibu nayo. Usikague kwa maji yanayochemka, kwa sababu kiwango cha kuchemka hutegemea mwinuko: Dar es Salaam ni takriban 100°C, lakini Arusha, iliyo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ni kama 95°C.

Mwisho, kifaa kiwe na uwezo wa kujikagua na kujiwasha upya, na programu yake ya ndani iweze kubadilishwa kwa mbali. Uwezo huo wa mwisho una hatari yake, kwa kuwa marekebisho mabaya yaliyotumwa kwa vifaa vyote kwa pamoja yatavizima vyote kwa pamoja. Tuma kwa viwili vilivyo ofisini, subiri siku tatu, tuma kwa vitano vya mjini, kisha vingine. Na kwa yale yasiyoepukika, bandika kwenye kila kifaa karatasi yenye maelekezo mafupi ya Kiswahili: taa ikiwa nyekundu bonyeza hapa kwa sekunde kumi, na isipobadilika piga namba hii.

Hatua ya tano: Chagua njia ya mawasiliano na upunguze maneno

Kwa maduka yaliyotawanyika mikoa mitatu, laini ya simu ndiyo njia inayofaa, kwa kuwa minara ipo tayari na hulazimiki kujenga chochote. Chagua kifaa kinachotumia 4G na kinachoweza kurudi kwenye 2G mahali ambapo 4G ni dhaifu. Kifaa cha 2G pekee ni rahisi kununua, lakini nchi kadhaa zimeshazima mitandao hiyo; AT&T ya Marekani iliizima ya kwake mwanzoni mwa 2017, na vifaa visivyobadilishwa vikanyamaza. Kifaa cha miaka mitano kisitegemee mtandao usio na ahadi ya miaka mitano.

Ikiwa friza zako zote ziko katika eneo moja, kama vile soko kubwa au ghala, fikiria teknolojia ya LoRaWAN, ambayo hupeleka ujumbe mfupi kwa umbali wa kilomita kadhaa hadi kwenye kituo kimoja cha kupokelea, na kituo hicho peke yake ndicho kinacholipiwa data. Angalia masafa ya redio kabla ya kuagiza. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia 902 hadi 928 MHz, na huku kwetu sehemu ya masafa hayo ni ya simu za GSM 900, hivyo kuvitumia ni kuingilia mawasiliano ya watu wengine. TCRA nchini Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ndizo zinazoidhinisha vifaa vya redio. Mwombe muuzaji cheti cha kuidhinishwa kabla ya kulipa, kwa sababu mzigo uliozuiliwa bandarini ni gharama ambayo haimo katika jedwali lolote.

Kuhusu data, tofautisha kupima na kutuma. Kifaa kinaweza kupima kila dakika na kuhifadhi ndani yake bila gharama yoyote. Kikituma kila dakika, ni ujumbe 43,200 kwa siku 30. Kama kila mara kinafungua muunganisho mpya uliosimbwa unaokula kilobaiti 5, hiyo ni megabaiti 216 kwa kila friza. Kikituma kila dakika 15, ni ujumbe 2,880 na megabaiti 14.4 tu. Friza haipotezi baridi kwa dakika moja, basi tuma muhtasari kila robo saa, na mara moja pale tu kipimo kinapovuka mpaka uliouweka. Itifaki ya MQTT, yaani utaratibu wa vifaa kutumiana ujumbe, inafaa sana kwa kazi hii. Ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo kila baiti ililipiwa ghali, na uchumi huo wa maneno umebaki ndani yake hadi leo.

Laini zisajiliwe kwa jina la kampuni, kamwe zisiwe kwa kitambulisho cha fundi au mfanyakazi, kwani siku akiondoka ataondoka na mtandao wako. Jadiliana na kampuni ya simu upate mfuko mmoja wa data unaogawanywa na laini zote. Bando la kila laini peke yake huisha muda huku megabaiti zikiwa zimebaki, na kifaa kilichonyamaza kwa sababu ya bando hufanana kabisa na kifaa kilichoharibika, hivyo fundi hutumwa Morogoro kwa jambo ambalo lingemalizwa ofisini kwa dakika mbili.

Hatua ya sita: Amua ni programu ipi utakayokodi na ipi utakayomiliki

Kwa friza 40 hauhitaji jukwaa kubwa. Seva ndogo moja ya kukodi, programu huria ya Mosquitto ya kupokea ujumbe wa MQTT, na Grafana ya kuchora grafu vinatosha, ilimradi una mtu wa kuvitunza. Kama huna mtu huyo, kukodi huduma iliyokamilika ni nafuu zaidi, hata kama ada yake ya mwezi inaonekana kubwa, kwa sababu programu huria isiyo na mtunzaji hugeuka kuwa deni.

Lakini ukikodi, kodi kwa namna ambayo unaweza kuhama. Google ilitangaza mwezi Agosti 2022 kwamba itafunga huduma yake ya Cloud IoT Core, na ikaifunga Agosti 16, 2023. Wateja walipewa mwaka mmoja tu. Mwanzoni mwa 2022 kampuni ya Sigfox ya Ufaransa, iliyokuwa na mtandao wake wa vifaa katika nchi nyingi, iliwekwa chini ya usimamizi wa mahakama kabla ya kununuliwa na kampuni nyingine. Kwa hiyo kifaa kielekezwe kwenye anwani ya mtandao iliyosajiliwa kwa jina lako, ili siku ya kuhama ubadilishe inakoelekea anwani hiyo bila kugusa vifaa 40 kimoja kimoja. Vipimo vyako uweze kuvipakua kila mwezi katika jedwali la kawaida.

Hatua ya saba: Panga nani ataamshwa usiku

Mfumo unaweza kuwa mzuri na samaki wakaoza, kama kengele ilikwenda kwa mtu aliyelala. Meneja aliyeko Kariakoo hawezi kuokoa friza ya Chalinze saa nane za usiku. Aliyeko pale ni mlinzi, na mara nyingi mlinzi ana simu ya kitochi isiyo na intaneti. Basi kengele ya kwanza iwe king'ora kidogo kilichofungwa mahali anapokaa, pamoja na simu inayopigwa au SMS inayosema jambo moja tu: "Friza namba 3, duka la Chalinze, imepanda joto. Angalia kama umeme upo na mlango umefungwa." Asipojibu ndani ya dakika 20, ujumbe uende kwa msimamizi wa duka; naye akikaa kimya dakika 30, uende kwa meneja wa usambazaji na fundi wa friza wa zamu. Mlinzi alipwe nyongeza kwa kazi hii. Ni fedha ndogo mno ukilinganisha na mzigo mmoja wa samaki, na ni haki yake.

Kengele za bure huua mfumo kwa haraka kuliko kitu kingine. Friza zinazojiyeyusha barafu zenyewe hupandisha joto kwa muda kila siku, na muuzaji anapopanga samaki wapya joto hupanda pia. Ndiyo maana sentensi yetu ya mwanzo ilisema dakika 45 mfululizo. Weka muda huo kwa kuangalia grafu za wiki mbili za kila friza, si kwa kukisia, na kila Ijumaa hesabu kengele ngapi zilizotolewa na ngapi zilizostahili. Zisizostahili zikizidi moja kati ya tatu, rekebisha mipaka kabla watu hawajazoea kuzipuuza. Mazoea hayo yakishaingia ni vigumu mno kuyatoa.

Hatua ya nane: Jaribu kwa vichache, kwa masharti yaliyoandikwa

Funga vifaa vitano kwa wiki nane, na viwili kati yake viwe katika maduka mabaya kuliko yote: lenye umeme unaokatika sana na lenye mtandao dhaifu. Jaribio lililofanywa ofisini au katika duka la mfano halikufundishi kitu. Ukiweza, lifanye Januari na Februari, wakati joto la Dar es Salaam liko juu na kompresa zinafanya kazi kwa taabu.

Kabla ya siku ya kwanza, andika masharti ya kuendelea na ya kusimama, na wanaohusika wayasaini. Kwa mfano: vifaa vyote vifikishe angalau asilimia 95 ya ujumbe uliotarajiwa; kila kengele ya kweli ijibiwe ndani ya saa mbili; ziara zisizopangwa zisizidi mbili kwa vifaa vyote vitano. Kati ya hayo, namba ya ziara ndiyo inayotabiri gharama yako ya miaka mitano, kwa hiyo ifuatilie kwa makini: ziara mbili kwa vifaa vitano ndani ya wiki nane ni zaidi kidogo ya mbili na nusu kwa kila kifaa kwa mwaka, nazo ni nyingi kuliko hesabu yetu inavyoruhusu, isipokuwa kama zilitokea mwanzoni na chanzo chake kimeshaondolewa. Masharti yasipotimia, simama. Majaribio yanayoongezewa miezi mitatu kila mara hubaki majaribio, na pengine ndivyo ilivyokuwa kwa mengi ya yale yaliyohesabiwa na Cisco.

Hatua ya tisa: Mkataba, nywila na sheria

Mlipe mzabuni kwa kazi inayoonekana, si kwa makasha yaliyofika stoo. Mgawanyo unaofaa ni asilimia 30 vifaa vinapofika na kukaguliwa, asilimia 40 vinapofungwa, na 30 iliyobaki baada ya siku 30 mfululizo za kufikisha kiwango mlichokubaliana. Mkataba utaje kwamba vipimo ni mali yako, kwamba utakabidhiwa nywila zote za usimamizi, na kwamba vipuri sawa na kifaa kimoja kwa kila kumi vitakuwa stoo kwako.

Nywila ya kiwandani ibadilishwe kwenye kila kifaa kabla hakijafungwa, na kila kifaa kiwe na yake. Oktoba 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na vifaa vya mtandao kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, kisha ikavitumia kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikiongoza anwani za tovuti, na tovuti nyingi kubwa zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Kubadilisha nywila wakati wa kufunga ni kazi ya dakika chache. Kuibadilisha baadaye ni ziara 40.

Joto la samaki si taarifa binafsi, lakini namba za simu za walinzi na kumbukumbu za nani alifungua mlango saa ngapi ni taarifa binafsi. Kwa Tanzania zinaongozwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na kwa Kenya sheria ya 2019. Waeleze wafanyakazi ni nini kinachorekodiwa na kwa nini, na usitumie vipimo vya friza kuwakata mishahara kwa siri. Siku watakapogundua, vifaa vitaanza kuharibika kwa namna ambazo hakuna fundi atakayezieleza.

Hatua ya kumi: Ongeza kwa makundi na uisafishe orodha

Baada ya jaribio kufaulu, usifunge 35 vilivyobaki kwa wiki moja. Funga kumi, subiri mwezi, rekebisha yaliyojitokeza, kisha endelea kwa kufuata barabara moja kwa wakati ili fundi afunge maduka manne au matano kwa safari moja. Weka rejesta moja yenye namba ya kifaa, namba ya laini, duka, tarehe ya kufungwa, tarehe ya betri na tarehe ya kukaguliwa kwa barafu. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha.

Maduka hufungwa, friza huhamishwa, na vifaa hufa, lakini laini zake huendelea kutozwa kila mwezi bila mtu kugundua. Kila robo mwaka mhasibu na fundi wakae pamoja, mmoja na orodha ya laini zinazolipiwa, mwingine na orodha ya vifaa vilivyotuma ujumbe katika siku 30 zilizopita. Laini iliyomo katika orodha ya kwanza na haimo katika ya pili isimamishwe siku hiyo hiyo, na kama kifaa chake bado kipo dukani, kiandikwe katika safari inayofuata ya fundi upande huo.